Wastani wa 165 darasa la saba

Ndugu, umeuliza kama ile 165 kwenye matokeo ya darasa la saba ya shule moja ya Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, ni idadi ya waliofaulu. Hapana, si idadi ya waliofaulu. Ni wastani wa alama za watahiniwa wa shule, kati ya 300: masomo 6, kila moja 50. Hapo ni daraja C (121 hadi 180). Nafundisha darasa la saba huku kisiwani, matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) tunayabandika ukutani. Tazama jedwali la madaraja kwenye matokeo hayo: WAS ni wasichana, WAV wavulana. Ila shule yenye watahiniwa ishirini na kitu, watoto wawili wakipata E, daraja la chini kabisa, wastani unaporomoka. Na aliyeacha shule darasa la tano akaingia kwenye uvuvi wa dagaa hayumo kabisa kwenye hesabu hiyo, na hao ndio wanaotuumiza roho.