Msonobari wangu unapukutika matawi

SWALI: Shikamoo bibi. Mume wangu aliniletea msonobari wa chungu kutoka Malindi. Nimeuweka dakani, naumwagilia kila asubuhi. Matawi ya chini yamekauka na kudondoka. Nikikata kilele utachipua upya? – Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hicho kisu kiweke chini kwanza! Wangu hapa Malindi ulivunjwa kilele na mbuzi wa jirani, na mpaka leo umesimama kama mtu aliyevaa kofia upande. Mti huu hurefuka kwa kilele kimoja tu. Kikikatika, umbo lake haliwi lile tena. Na usihangaike kupanda kijiti cha tawi la pembeni, kwani kitaota kimelala.

Kwao ni kisiwa cha Norfolk, kati ya Australia na New Zealand, ambako hupita mita 50. Msonobari halisi si huu, ila jina limeshakaa. Upepo wa chumvi hauuogopi. Kinachouangusha ni giza la daka lako pamoja na maji ya kila siku. Uhamishie uani penye mwanga, kidogo kidogo, usiungue jua. Tia kidole mchangani: ukikuta pakavu, ndipo umwagilie mpaka maji yatoke tunduni, kisha mwaga ya kisahani. Ugeuze chungu kila wiki, la sivyo utainamia upande wenye mwanga.

Matawi yaliyodondoka hayaoti tena. Pale chini weka vyungu vya mrehani.