Wewe Mfupi, Pikipiki Ndefu: Kabla Hujanunua Linki za Kushushia

Wengi wanaoniuliza kuhusu pikipiki ndefu huanza na swali la linki, vile vyuma vya nyuma vya kuishushia pikipiki: zinauzwa wapi, bei gani, zinashusha kiasi gani. Mimi huwauliza kwanza kama wamepima pikipiki zao zinashuka kiasi gani wakizikalia. Mtu mfupi mara nyingi ni mwepesi pia, na springi iliyokazwa kwa ajili ya mtu wa kilo 90 haishuki vya kutosha anapoikalia. Unaweza kuagiza kifaa kutoka nje ya nchi huku sentimita mbili unazozihangaikia zimo ndani ya shokapu yako mwenyewe.

Nina urefu wa sentimita 158 na uzito wa kilo 54, na ninaendesha Honda CRF250L, ambayo siti yake iko takriban sentimita 88 kutoka ardhini. Niliinunua Arusha kwa msafiri mmoja mwenye mwili mkubwa, aliyekuwa akifunga hema na madumu ya mafuta nyuma. Alikuwa ameikaza springi ya nyuma karibu na mwisho, na kwa mzigo wake alikuwa sahihi kabisa. Kwangu ilikuwa kama kukalia ukuta.

Kupima kunahitaji futi ya fundi na mtu wa kukusaidia. Inueni pikipiki mpaka tairi la nyuma lining'inie, mpime wima kutoka kwenye ekseli hadi sehemu moja ya bodi, na muweke alama kwa kalamu. Ishusheni. Panda ukiwa na buti, helmeti na begi lako la kila siku, mwenzako akiwa ameshika mbele. Tikisa kidogo, tulia, apime tena kwenye alama ile ile. Kwa pikipiki za njia mbovu, kipimo cha kawaida ni nyuma ishuke karibu thuluthi moja ya mwendo wote wa tairi, yaani umbali ambao tairi linaweza kupanda na kushuka. CRF250L ina mwendo wa karibu milimita 240 nyuma, kwa hiyo tunazungumzia kama 80. Yangu ilishuka 50 tu. Fundi alilegeza nati za springi kwa spana ya ndoano hadi tukapata 75, na vidole vya miguu vikagusa lami bila kununua hata bolti.

Usitafute kushusha kwote kwa njia hiyo, lakini. Ukiilegeza springi kupita kipimo, pikipiki itakuwa imeshatumia nusu ya mwendo wake kabla hujafika kwenye tuta la kwanza, na kila shimo litaigonga mpaka mwisho. Kama bado uko juu baada ya kipimo kuwa sawa, hapo ndipo linki zinapoingia.

Linki ni vile vyuma viwili vifupi vilivyo chini ya shokapu ya nyuma, vinavyounganisha shokapu na mkono unaobeba tairi. Ukiweka vyenye urefu tofauti, mkono unakaa kwenye pembe nyingine na sehemu ya nyuma inashuka. Kwenye pikipiki nyingi linki ndefu ndiyo inayoshusha, lakini zipo ambazo ni kinyume, kwa hiyo nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako na mwaka wake, wala usimruhusu mtu akuchongee kwa kukisia. Milimita chache kwenye linki huzaa sentimita kadhaa kwenye tairi. Kosa la kuchonga nalo huzaa vivyo hivyo.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba linki haipunguzi mwendo wa shokapu. Tairi linaanzia juu zaidi, na shokapu ikibanwa mpaka mwisho linafika juu kuliko lilivyokusudiwa. Kwa hiyo jaribio lifuatalo ni la lazima: toa springi kwenye shokapu, rudisha shokapu tupu mahali pake, kisha inua tairi kwa mkono mpaka liishe mwendo. Piga magoti na tochi. Angalia tairi dhidi ya madigadi, dhidi ya nyaya za taa ya nyuma, dhidi ya bolti za kibao cha namba zinazochomoza ndani. Kwangu, bolti moja ya namba ilikuwa imebakiza nafasi ya kuingiza kidole tu. Tuliigeuza kichwa chake kikawa ndani na nati nje. Bolti ya namna hiyo ikichana tairi ukiwa mwendo kasi, hakuna breki itakayokuokoa.

Halafu kuna sehemu ya mbele. Ukishusha nyuma peke yake, siti haishuki kwa kiasi kile kile, kwa sababu unakaa katikati ya magurudumu mawili. Nyuma ikishuka milimita 30, siti inashuka kama 20 hivi. Na pua ya pikipiki inainuka: kwa urefu wa pikipiki kama yangu, milimita 30 nyuma ni zaidi kidogo ya nyuzi 1 ya mlalo. Inasikika ndogo. Ukiwa kwenye kona ya changarawe unaiona, maana usukani unakuwa mzito kugeuka na tairi la mbele linakuwa jepesi, kama halijui linataka kwenda wapi. Dawa ni kulegeza vishikio vya shokapu za mbele, cha juu na cha chini, na kuzipandisha shokapu ndani yake. Pandisha zote mbili sawasawa, kwa kupima, siyo kwa macho. Mimi nilipandisha milimita 15. Kwa shokapu zilizogeuzwa kama hizi, zenye bomba nene juu na jembamba chini, hakikisha kishikio hakibani pale bomba linapoanza kupungua unene, na hakikisha shokapu zikibonyea mpaka mwisho madigadi ya mbele haigongi kishikio cha chini wala bomba la breki halivutwi.

Stendi ya pembeni ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Pikipiki ikishuka, stendi inakuwa ndefu mno, na pikipiki inasimama wima karibu kabisa, ikingoja upepo au mtoto aiguse. Dada mmoja ninayemfahamu aliikuta yake imelala juu ya meza ya mama muuza ndizi, na yule mama ana wajukuu wanaocheza pale pale. Stendi ikatwe kidogo kidogo, ijaribiwe, ndipo ichomelewe. Ifungueni kabisa kwenye pikipiki kabla ya kuichomelea, umeme wa mashine usipite kwenye waya na swichi zako.

Sponji ya siti nayo isidharauliwe. Fundi wa kushona makava ataipunguza kwa gharama ndogo kuliko linki yoyote, na pengine akiipunguza upana pale mbele, mapaja yanapokaa, unapata zaidi kuliko akipunguza unene. Kumbuka tu kwamba sponji nyembamba utaijua kwenye safari ndefu. Mwambie atunze vipande alivyokata.

Kwa wenye pikipiki za shokapu mbili nyuma, kama hizi za bodaboda, hakuna linki. Watu hununua shokapu fupi zaidi. Angalieni springi yake inabeba kilo ngapi, siyo urefu peke yake, maana shokapu fupi na laini ikibeba abiria wawili tairi litaisugua madigadi siku hiyo hiyo.

Ushauri wangu ni kutokushusha mpaka nyayo zote mbili zikanyage bapa. Mguu mmoja ukifika vizuri, na mwingine ukabaki kwenye kikanyagio, unatosha. Jifunze kusogeza kiuno upande mmoja kabla hujasimama, na uchague upande ambao barabara imeinuka. Kila sentimita unayoishusha unaitoa chini ya injini, na mawe ya barabara zetu za vumbi hayajapungua.

Ukishamaliza, kagua ulegevu wa cheni, kwa sababu umebadilika. Rekebisha taa ya mbele isimulike machoni mwa wanaokuja. Paka grisi beringi za linki, na baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu zikague tena bolti zake kwa kipimo cha kukaza kilicho kwenye kitabu cha pikipiki. Zile linki za awali zifunge kwenye gazeti pamoja na bolti zake uziweke. Siku ukiuza, mnunuzi mrefu ataziulizia.