Soma kimoja, tena na mwenzio

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Je, vitabu vya kujiendeleza vinaweza kumpa mtu furaha na uwiano katika maisha ya kila siku?" Jibu langu ni ndiyo, ila si kwa namna wengi wetu tunavyovisoma. Tunavisoma peke yetu, mbiombio, tukiwa tumechoka, kisha tunakimbilia kingine kabla hatujatekeleza hata ukurasa mmoja wa kile cha kwanza. Msomaji wa namna hiyo huambulia hamasa ya siku mbili tatu, halafu huanza kujilaumu kwamba kasoro ni yake.

Hapo ndipo panaponiuma. Tangu Samuel Smiles wa Uskoti achapishe Self-Help mwaka 1859, vitabu vingi vya aina hii vimejengwa juu ya imani kama yake, kwamba bidii na nidhamu ya mtu binafsi ndizo zitakazomkwamua. Imani hiyo ina ukweli mwingi. Lakini ikiachwa peke yake humgeuza aliyekuja kutafuta faraja kuwa mshtakiwa: kama huna furaha, basi hukujitahidi. Karne nyingi kabla ya Smiles, mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali aliandika kwa Kiajemi kitabu chake kuhusu furaha, Kimiya-yi Sa'adat. Alianza na mtu kuijua nafsi yake, ila hakuishia hapo. Mojawapo ya nguzo nne za kitabu hicho inahusu muamala, namna ya kuishi na watu. Natamani waandishi wa leo wangeipa sehemu hiyo uzito.

Zipo ahadi ambazo ningemsihi msomaji azitilie shaka. Mojawapo ni ya kujiambia maneno mazuri mbele ya kioo. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walichapisha majaribio ambamo watu waliombwa kurudiarudia kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo. Wasiojithamini, yaani wale hasa ambao ushauri huo hutolewa kwa ajili yao, walijisikia vibaya kuliko wenzao wasiojithamini ambao hawakuombwa kurudia maneno hayo. Ukitafakari, si ajabu. Moyo ukilazimishwa kutamka usichokiamini, huanza kutafuta hoja za kukipinga. Basi rafiki yako akikwambia maneno hayo hayamsaidii, usimwambie kwamba hana imani. Mpe zoezi jingine.

Ahadi nyingine ni ya siku 21. Imenakiliwa kitabu hadi kitabu mpaka watu wanaiamini kama kanuni ya maumbile: fanya jambo kwa siku 21, litakuwa tabia. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia ndogondogo, kama kunywa maji wakati wa mlo wa mchana au kukimbia dakika 15 kabla ya mlo wa jioni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kwa wastani zilihitajika siku 66 hadi jambo lianze kufanyika lenyewe, bila kujisukuma. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: wapo wa siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji 254. Linalonifariji zaidi katika utafiti ule ni kwamba kukosa mara moja hakukuathiri sana ujenzi wa tabia. Laiti sentensi hiyo ingechapishwa kwenye jalada la kila kitabu cha kujiendeleza! Ni wangapi wameacha kutembea, kuandika au kulala mapema kwa sababu tu walikosa siku moja, wakadhani wamerudi mwanzo?

Yapo pia mazoezi yanayofaa kweli. Kuandika mambo ya kushukuru ni mojawapo. Robert Emmons na Michael McCullough walionyesha mwaka 2003 kwamba watu walioorodhesha mambo ya kushukuru kila wiki, kwa wiki 10, waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko walioorodhesha kero. Ila hata hapa kuna kipimo. Jaribio jingine la Sonja Lyubomirsky na wenzake lilikuta kwamba walioandika mara moja kwa wiki walinufaika, na walioandika mara tatu hawakunufaika. Nadhani shukrani ikishakuwa zamu ya kutimiza, mtu huandika mkono tu, moyo ukiwa kwingine.

Vivyo hivyo vitabu vya mazoezi vinavyofuata tiba ya kubadili fikra na tabia vimeonekana kupunguza dalili za sonona isiyo kali, hasa pale mtaalamu anapokuwa akimfuatilia msomaji na kumuuliza amefikia wapi. Huzuni ikikaa wiki kadhaa, usingizi ukapotea na mtu akaanza kuona heri asiwepo, hapo si suala la kitabu tena. Aende kwa daktari au mshauri, na tumsindikize.

Naomba nikazie hilo la kufuatiliwa. Mwaka 1938 watafiti wa Harvard walianza kufuatilia maisha ya wanafunzi vijana wa kiume. Baadaye utafiti huo uliunganishwa na mwingine wa wavulana kutoka mitaa maskini ya Boston, na umeendelea kwa zaidi ya miaka 80. Walipotafuta kinachompa mtu furaha na afya, jibu lililojitokeza tena na tena ni uhusiano mwema na watu. Walioridhika na uhusiano wao walipokuwa na umri wa miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika 80. Sasa linganisha na picha ya msomaji wetu, amejifungia na kitabu cha tano mwaka huu, akiitafuta furaha mahali ambapo hakuna mtu mwingine.

Mimi husoma na wifi yangu. Tunachukua sura moja, kila mmoja anasema atafanya nini nayo, na tukionana tena swali la kwanza ni, "Ulifanya?" Anayeulizwa akisema hakufanya, tunatafuta kilichomzuia. Mara nyingi kilichomzuia si uvivu. Tulipofika kwenye sura iliyomtaka msomaji aamke saa kumi alfajiri kila siku, wifi yangu alikuwa ananyonyesha na usiku mzima halali vizuri. Tuliiruka. Ningekuwa nasoma peke yangu ningeisifu sura ile na kuipigia mstari, nisijue kwamba mwandishi hakumfikiria mama kama yule hata kidogo.

Na hilo linanifikisha kwenye uwiano, ambao vitabu vingi huufanya suala la ratiba tu. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani: saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Waliouandika walijua kwamba mapumziko ya mtu hayategemei hiari yake pekee. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, lilieleza uchovu wa kupindukia unaotokana na kazi kuwa matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa. Kwa hiyo anayefanya kazi saa 13, kisha akirudi nyumbani anakuta kupika, kufua na kulea vyote ni vyake, hahitaji kufundishwa kuvuta pumzi.

Ushauri wangu kwake ni huu. Kabla ya kununua kitabu kingine cha kupanga muda, aandike kwa wiki moja saa zake zinakokwenda, bila kujihukumu. Kisha karatasi hiyo aiweke mbele ya wale anaoishi nao, na sehemu inayohusu kazi aipeleke kwa msimamizi wake, ikiwezekana akiwa pamoja na wenzake wenye mzigo kama wake. Waanze kwa kuuliza ni kazi gani inaweza kupunguzwa, kuahirishwa au kupewa mtu mwingine.