Sufuria ya mama imenishinda kuchora

SWALI: Mwalimu habari. Mimi ni kijana wa miaka 22, niko Shabab hapa Nakuru. Nachora sura za watu kwa penseli, natoa kwa picha ya simu, napiga viboksi juu ya picha halafu nahamisha kiboksi kimoja kimoja hadi kwa karatasi. Nimeuza kadhaa na watu husema ni kama foto. Sasa juzi mama, ambaye anauza chapati madondo, akaniambia nimchoree kibanda chake, na simu ilikuwa imeisha chaji, nikasema wacha nichore tu nikiangalia. Aki ni aibu. Sufuria imekaa kama imekanyagwa na lori, meza inateleza, na mama mwenyewe hana miguu kwa sababu sikujua niiweke wapi. Ama sina kipaji? Na ninunue penseli gani?

JIBU: Ndugu yangu, umenichekesha na hiyo lori, lakini pole pia. Kipaji tuachane nacho. Shida ni kwamba simu ilishakufanyia kazi ngumu kabla ushike penseli, ilichukua kitu chenye kina ikakilaza kwa kioo, wewe ukabaki kunakili madoa. Mkono wako uko sawa kabisa, hiyo kazi nyingine ndiyo hujawahi kufanya.

Rudi kwa hiyo sufuria, usichore chochote bado. Iweke chini, simama, angalia mdomo wake: ni duara lililobanwa kidogo. Sasa chuchumaa polepole, utaona linazidi kubanwa, na macho yakifika usawa wa mdomo linakuwa mstari tu. Ukiwa bado unaiangalia kutoka juu, linganisha mdomo na kitako. Kitako kiko mbali zaidi chini ya macho yako kwa hivyo duara lake halijabanwa sana kama la juu, yaani pinde yake imejaa zaidi. Karibu kila mtu anayeanza huchora mdomo wa mviringo halafu kitako anakipiga rula, na nadhani hapo ndipo lori lako lilipita. Chora duara la chini lote, hata upande usioonekana, kama sufuria ni ya glasi, halafu ndio ukaze ile pinde ya mbele peke yake.

Meza nayo ni boksi. Siku ya Jumapili asubuhi kabla magari yajae nenda usimame Kenyatta Avenue uangalie: paa zinateremka, lami inapanda, na zote zinakimbilia mahali pamoja, na hapo mahali ni urefu wa macho yako wewe. Ukikaa kwa kistuli, hapo mahali panashuka na wewe. Kingo za meza zinazoenda mbali nawe zinafuata sheria hiyo hiyo, zako zilienda kila moja na safari yake ndio maana inateleza.

Mimi nilijifunza hii kwa aibu kama wewe. Nilikuwa nachora mashua pale Dunga, Kisumu, naanza na ule ubavu uliopinda kwa sababu ndio mtamu, na mvuvi mmoja mzee akachungulia akaniambia hiyo ikiguswa na maji tu inazama. Siku hizi nachora kwanza boksi refu jembamba, nalipasua katikati kwa mstari, ndio naingiza mashua ndani yake. Mama pia, muweke kwa boksi kwanza, visigino vikae kwa sakafu yake hata kama meza itavificha baadaye.

Kuhusu penseli, HB ya kawaida, na 2B na 6B ambazo ni laini na nyeusi zaidi, zinatosha. Lakini kwa mwezi mmoja hivi ningekwambia utumie biro na daftari la shule, kwa sababu biro haifutiki na hiyo kufuta futa ndiyo inakufanya uwe mwoga. Mistari mirefu itoe begani kama unafuta ubao, kiganja kiachie vitu vidogo, na kabla ya kugusa karatasi pitisha mkono hewani mara mbili tatu. Nusu saa kila siku inatosha, maboksi na sufuria na jerikeni, halafu umalizie na kitu unachopenda mwenyewe hata kama kinatoka vibaya, la sivyo utachoka wiki ya pili. Sura za kuuza endelea nazo bana, kodi hailipwi na maboksi.

SWALI: Mtoto wangu ana miaka minne, anachora watu mikono ikitoka kichwani, tena kwa ukuta. Nimrekebishe? Mama, Kakamega.

JIBU: Mikono muache nayo mama, watoto wengi wa umri huo hupitia hapo, kiwiliwili kitakuja chenyewe. Ukuta nao, bandika magazeti ya zamani hadi pale mkono wake unafika.