Jibu kwa mleta uzi: ruzuku ya watu wasio na makazi hapa Mombasa, na kufuli la shilingi 7,000

Mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza umesoma kwamba kule Uingereza serikali huzipa halmashauri ruzuku ya kuzuia watu wasipoteze makazi, ukataka kujua kama Mombasa kuna kitu cha aina hiyo. Pili, nyinyi ni kikundi cha kina mama na vijana wa Likoni, mnataka kuomba hela za serikali kwa ajili ya wanaolala nje karibu na kivuko, na hamjui muanzie wapi. Waliotangulia kujibu, nusu wameitukana serikali na nusu wamekwambia bila kujuana hupati kitu. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kikundi kilichowahi kupata ruzuku kama hiyo, kwa hiyo nitakwambia niliyoyashika kwa mkono. Ni marefu, jitilie chai.

Nianze na huko Uingereza, nikumalizie haraka. England wana sheria ya 2017 iliyoanza kutumika Aprili 2018. Mtu akiwa ndani ya siku 56 za kutolewa nyumbani, halmashauri inawajibika kumsaidia asitoke. Ruzuku uliyoisoma ndiyo inayobeba kazi hiyo. Lakini usidhani wenzetu wamevuka mto. Pesa nyingi zilikuwa zikimezwa na malazi ya muda ya familia ambazo zimeshapoteza nyumba, mpaka mwaka wa fedha wa 2025/26 serikali yao ikaweka sharti kwamba asilimia 49 ya ruzuku iende kwenye kuzuia na kusaidia, isiliwe na malazi hayo. Shika hilo, maana ndilo lililotupata sisi, ila sisi hatukuwa na wa kutuwekea sharti.

Hapa kwetu, Ibara ya 43 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofaa. Maneno mazuri. Kwa upande wa pesa, kuna mfuko wa kitaifa wa familia za mitaani ulioanzishwa 2003, ile enzi ambayo wengi tunaikumbuka vijana walipotolewa barabarani kwa wingi. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima. Nairobi 15,337, na Mombasa ya pili kwa 7,529. Kuna mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ya wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima, na wenye ulemavu mkubwa. Kuna pesa za kaunti, zinategemea bajeti ya mwaka huo imesemaje.

Yule aliyesema "si kuna makato ya nyumba ya asilimia 1.5", ni kweli yapo, sheria ni ya 2024, na ndani yake kuna nyumba za kijamii za wenye kipato cha chini ya 20,000. Lakini hizo ni nyumba za kujengwa. Mtu aliyefungiwa chumba leo magharibi hawezi kungoja zege likauke.

Basi sikiliza yetu.

Kikundi chetu kilianza na sufuria ya uji. Tukitoka sala ya alfajiri tunapita Mwembe Tayari, tunawagawia waliolala barazani mwa maduka kabla wenye maduka hawajaja kufungua. Miaka miwili hivyo, kwa michango ya mia mia. Kisha tukaambiwa kuna mfuko wa umma unapokea maombi. Sitautaja ni upi, kwa sababu kosa kubwa katika haya ninayosimulia lilikuwa letu sisi.

Tuliandika tulichodhani mtoa pesa anataka kukiona. Kuwaokoa watu 60 kutoka barabarani. Kuwapima afya. Kuwarudisha makwao. Mafunzo ya ushonaji na ususi. Tukatia fulana na bango la uzinduzi. Fulana hakuna aliyetulazimisha, tulizitaka wenyewe, tena za rangi ya machungwa. Neno kodi halikuwemo popote katika kurasa kumi na nne.

Pesa zikatoka mwezi wa Mei. Kama hujawahi kushika pesa ya serikali, jua kwamba mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Wiki tano. Tulinunua magodoro 40 tukiwa hatuna pa kuyaweka, yakalala sebuleni kwa mwenyekiti mpaka mkewe akauliza kama yeye na watoto nao wahamie barabarani wapewe moja moja.

Katikati ya hekaheka hiyo akaja mama mmoja muuza bajia. Alikuwa amepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili pale Majengo, kodi 3,500 kwa mwezi, na jioni anakaanga bajia na viazi karai mbele ya baraza. Mwanawe akalazwa wiki mbili. Yeye akawa hospitali, karai likakaa kavu, na mtaji wa unga na mafuta ukaliwa na dawa na nauli. Miezi miwili ya kodi ikalala.

Nilikwenda kuona. Mlango wake ulikuwa na komeo moja na kufuli mbili. Moja lake, limeshika kutu kidogo pembeni. Jengine jipya, dogo, rangi ya shaba, bado lina alama ya gundi ya bei. Lake likifunguka, la mwenye nyumba limeshika; la mwenye nyumba likifunguka, la kwake limeshika. Karai, jiko na vijungu vilikuwa ndani. Kwa hiyo hata hiyo kazi ya kumpatia kodi ilikuwa imefungiwa ndani pamoja na godoro.

Nikamwambia, mama, tuna mablanketi, tuna chakula. Akanitazama.

"Mwanangu, mimi blanketi sitaki. N'tolee karai langu, mengine n'tajua mwenyewe."

Shilingi 7,000. Kitabu cha hundi kilikuwa mkobani mwangu, na akauntini mna laki kadhaa. Nikampigia afisa aliyekuwa akitusimamia. Kwa adabu kabisa akaniambia kifungu cha kodi hakimo katika bajeti mliyoleta, na huyu mama bado si mtu wa mtaani. Kwa karatasi alikuwa sawa. Tukachanga mifukoni 1,500, wakala wa mwenye nyumba akakataa nusu nusu.

Mtu atauliza, na mahakama ya kodi za nyumba? Sheria ya kudhibiti kodi inawalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani mno. Chumba chake cha 3,500, chenye choo cha kushirikiana na taa inayokatwa saa nne, kwa sheria hiyo kilikuwa cha kitajiri.

Akenda kwa dadake Kisauni. Wiki tatu. Dadake naye ana chumba kimoja na mume. Baada ya hapo sikusikia habari zake, mpaka miezi minne baadaye timu yetu ya usiku, na zile fulana zetu za machungwa, ikamkuta Makadara na wanawe wawili. Katika fomu yetu aliingia kama namba 23. Mimi ndiye niliyejumlisha vocha zake, kwa hiyo hesabu hii naijua kwa kichwa: gari la kuwachukua, 4,500. Matibabu ya mtoto aliyeshikwa na kifua, 6,200. Chumba kipya, dipoziti na mwezi wa kwanza, 7,000. Godoro na vyombo, maana vya kwanza vilishauzwa na wakala, 5,800. Sare na vitabu, 7,400. Mtaji, 10,000. Jumla 40,900, na mtoto mkubwa alishapoteza muhula mzima.

Tazama hapo kwenye chumba. Ni 7,000 zile zile. Tulizilipa chini ya kifungu cha kumrudisha mtu katika jamii, na hakuna mkaguzi aliyeuliza. Pesa iliyokuwa haramu alipokuwa na mlango ikawa halali alipoupoteza. Siku ile nilirudi nyumbani sikula.

Mwaka uliofuata tulipoomba tena, tulitia kifungu tulichokiita "dharura ya kodi", thuluthi moja ya bajeti yote. Kwenye mahojiano tukaulizwa, "Mkilipia watu kodi, si mji mzima utawapangia foleni?" Ni swali la haki. Tulijibu kwa masharti, na masharti hayo ndiyo ninayokupa wewe wa Likoni bure.

Deni lisizidi miezi mitatu. Mtu awe na kazi au biashara ambayo imekwama, si ambayo haipo. Asiye na kipato kabisa anahitaji msaada mwengine, kodi ya mwezi mmoja itamchelewesha tu kuanguka. Pesa haipiti mkononi mwa mpangaji, inakwenda kwa simu moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na ule ujumbe wa muamala ndio risiti. Mwenye nyumba anaandika karatasi mbele ya mzee wa mtaa kwamba hatatia kufuli miezi mitatu. Na kabla ya hayo yote, mkaombe asamehe sehemu. Utashangaa. Tulizoea kuwachora wenye nyumba kama mafisi, kumbe wengi wa huku kwetu ni wajane wanaokula kwa vyumba vinne alivyoacha marehemu. Ukimwendea na nusu taslimu na heshima, nusu nyengine anaweza kukusamehe kwa ajili ya Mungu. Ukimwendea na bango, hakusamehi.

Tuliibiwa pia, nisifiche. Bwana mmoja alipatana na wakala, wakaandika deni la 9,000 kwa chumba kilichokuwa kitupu. Tangu hapo hatulipi mpaka mmoja wetu aingie ndani aone, na aulize jirani. Katika nyumba ya Kiswahili, ukumbi mmoja na choo kimoja, hakuna siri ya nani anaishi chumba kipi.

Duru hiyo tulilipia vyumba 19. Baada ya miezi sita tulizunguka tena: 14 walikuwa bado mlangoni pao, watatu walihamia bara kwa hiari yao, wawili hatukuwaona. Si muujiza, lakini wastani haukufika 6,000 kwa chumba.

Kuhusu kuwarudisha vijana makwao, sitakaa sana. Kumpandisha kijana basi na kumpiga picha dirishani ni rahisi. Wawili kati ya vijana tuliowarudisha walikuwa wameshafika tena Mombasa kabla ya ripoti yao kuchapwa. Kama hamna mtu wa kumfuatilia huko anakokwenda, na hamjajua alikimbia nini, hiyo nauli wapeni kina mama wa uji.

Sasa kuanza. Jisajilini. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ni ya 2022, na inataka wanachama wasiopungua kumi. Mnakwenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu na katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano, orodha ya wanachama na nakala za vitambulisho. Mkishapata cheti, fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na mchukue PIN ya kodi ya kikundi. Mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti. Nasema hivyo kwa sababu niliona kwa jirani zetu, na uchunguzi ulipokuja hakuna aliyeweza kumsema mwenzake.

Kisha msingoje tangazo la ruzuku peke yake. Kaunti huandaa mpango wa maendeleo wa mwaka na kuuwasilisha kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Katikati ya tarehe hizo huitwa vikao vya maoni ya umma. Nendeni. Watu husimama hapo wakaomba taa za barabarani na mitaro, na ni haki yao. Nyinyi simameni muombe kifungu kimoja kidogo cha dharura ya kodi, muwe na hesabu yenu mkononi, na muache nakala kwa karani. Sisi mara ya kwanza tulichekwa. Mara ya pili karani alituuliza kama karatasi ile tuliyoacha ni yetu.

Pale kivukoni kwenu, kabla ya kuandika chochote, kaeni usiku mitatu minne muwaulize waliolala hapo swali moja: mlango wa mwisho uliolala ndani yake ulikuwa wapi, na ulifungwa kwa deni la shilingi ngapi. Andikeni majibu kwenye daftari. Hiyo ndiyo kurasa ya kwanza ya maombi yenu.

Na ofisi ya maendeleo ya jamii fikeni kabla ya saa tatu asubuhi. Maafisa wakishatoka kwenda mitaani, mtakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri.