Mzinga wa gemu haukosei?

SWALI: Mhariri, kwenye gemu za ndege za Vita vya Pili vya Dunia, nikiingia anga ya adui kwa mita 6,000, kombora la pili tu la mzinga wa Kijerumani wa milimita 88 linanimaliza. Ndivyo ilivyokuwa? Na mbona wakati mwingine napigwa nikiwa nimeshakwepa?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Haikuwa hivyo. Kombora hilo hutoka mdomoni mwa mzinga kwa takriban mita 820 kwa sekunde, lakini hewa hulipunguza mwendo, na kufika kimo chako huchukua zaidi ya sekunde 10. Kwa kilomita 400 kwa saa, umeshasogea zaidi ya kilomita moja. Wapiga mizinga walitegemea mashine ya hesabu iliyochukulia kwamba rubani hatageuka, kisha wakatega fyuzi ya muda, yaani kifaa kinacholipasua kombora baada ya sekunde zilizopangwa. Upepo wa juu ukikadiriwa vibaya, au fyuzi ikichelewa nusu sekunde, kombora lilipasuka mbali. Ndege moja iligharimu maelfu ya makombora. Kompyuta ya gemu haikadirii: inajua kasi na kimo chako kamili, na mtengenezaji asipoipandikizia makosa ya makusudi, mzinga unakuwa mchawi.

Usishike mstari mmoja zaidi ya sekunde 8. Geuka digrii 15 hadi 20 na ubadilishe kimo kwa mita 150 hivi papo hapo, maana ukigeuka tu bila kupanda wala kushuka, fyuzi inabaki sahihi. Chini ya mita 1,500 mbinu hii haina kazi; risasi za mizinga midogo ya milimita 20 hazikupi muda. Huko pita mara moja kwa kasi na uende zako. Wengi hufia kwenye raundi ya pili.

Kupigwa baada ya kukwepa mara nyingi ni intaneti. Ping, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva (kompyuta inayoendesha gemu) na kurudi, ikiwa milisekunde 200, ndege ya kilomita 720 kwa saa husogea mita 40 kabla taarifa haijaenda na kurudi. Acha Wi-Fi, chomeka kebo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ping -n 50 na anwani ya seva. Namba kubwa isiyobadilika inavumilika. Inayoruka kutoka 180 hadi 420 ndiyo inayoua, kwa sababu seva inabaki kubahatisha uko wapi.

SWALI: Wingu linanificha?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Kwa mzinga unaolenga kwa macho, ndiyo. Wenye rada haujali wingu. Gemu nyingine hazijali hata kwa macho: jaribu misheni ya mazoezi juu ya wingu zito, na makombora yakipasuka karibu nawe, hilo wingu ni pambo.