Simran ya Masikh: jibu kwa aliyesema akili inamtoroka

Ndugu, umeuliza kama simran ya Kalasinga, yaani kumkumbuka Mungu, ni kukaa kimya na kufukuza mawazo yote, maana wewe ukikaa kidogo tu akili inakutoroka. Ukauliza pia kama Mkristo anaruhusiwa. Mimi ni Sikh, mzaliwa wa Nairobi, na jambo hili nimelelewa nalo.

Hakuna anayekutaka ufukuze mawazo. Guru Nanak (1469–1539), mwanzilishi wa dini yetu, anasema mwanzoni kabisa mwa Japji, sala yetu ya alfajiri, kwamba moyo haunyamazi kwa kunyamaza, hata mtu azame kimyani namna gani. Ndiyo maana tunatamka. Tunasema "Waheguru", jina letu la Mungu, polepole, wengine wakilifuatanisha na pumzi, nusu ukivuta na nusu ukitoa. Nyanya yangu alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anaoga, anajitanda kichwa na kukaa chini. Akanifundisha nitamke kwa sauti ndogo, lakini sikio langu lazima liipate. Japji ina beti nne nzima za kusifu kusikiliza, na nimeona ni kweli: akili ikikimbilia kodi ya nyumba, huigombezi, unarudi kuisikiliza sauti yako. Saa ile ya alfajiri tunaiita amrit vela. Unaweza kukumbuka Mungu saa yoyote, ila wakati huo hakuna anayekuhitaji.

Tafadhali usiishie hapo ulipokaa. Katika Guru Granth Sahib, kitabu chetu chenye kurasa 1430, kuna mahali mcha Mungu Trilochan anamlaumu rafiki yake Namdev, mshairi na fundi wa kuchapa vitambaa: mbona unahangaika na nguo badala ya kumwelekea Mungu? Namdev anajibu kwamba mikono na miguu ifanye kazi zote, moyo ubaki kwa Mungu. Kwingineko anataja wasichana wanaotoka kuteka maji, wanacheka na kupiga soga njia nzima, lakini nia yao iko kwenye mtungi. Nani kwetu hajawaona?

Kuhusu dini yako: humo humo mna beti za Sheikh Farid, Mwislamu, na za Kabir mfuma nguo na Ravidas fundi viatu. Mungu anaitwa Hari, Ram, hata Allah. Kwa hiyo mwite kwa jina unalomjua.

Na usitafute miali ya mwanga wala maono. Guru Amar Das, Guru wetu wa tatu, anasema Jina la Mungu na haumai, yaani ule umimi, ni maadui na hawakai mahali pamoja. Mimi najipima hapo tu: nikikosolewa kazini, moto unapanda haraka kama zamani?

Kama unataka kuona haya kwa macho, ukiwa safarini Mombasa shuka Makindu. Gurdwara ya pale, yaani hekalu letu, ilijengwa mwaka 1926 na Masikh waliofanya kazi kwenye reli, na mpaka leo msafiri yeyote anakula bure. Vua viatu, funika kichwa, kisha omba kusaidia jikoni. Nimewahi kukaa pale na akina mama wakisukuma chapati: donge linabanwa, linageuzwa, linatupwa kwenye chuma cha moto, na midomo inasema Waheguru, Waheguru, huku mmoja akiuliza kama dengu imeiva. Watakupa kibao nawe usukume. Anza na madonge madogo.